Muuguzi Hahitaji Mawaidha, Anahitaji Ajira

Msikilizaji, kila wahitimu wanapoulizia ajira, jibu la viongozi ni lile lile: jiajirini. Muuguzi atajiajiri vipi? Kituo cha afya lazima kisajiliwe, kiwe na jengo na vifaa. Mtaji huo mtoto wa mkulima hana. Na huko vijijini zipo zahanati ambako mhudumu mmoja anapima wajawazito, anachanja watoto na kugawa dawa. Akiugua, mlango unafungwa.

Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Leo Tanzania iko chini ya kiwango hicho. Serikali itoe vibali vya ajira na fedha za mishahara. Wagonjwa wapo, wauguzi wapo. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa bajeti.