Jiwe la Ivuna na Vumbi la Mbinguni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Nimeagizwa niseme kwa ufupi, maana pilau inapoa. Nitaanza na aibu yangu.

Niliondoka hapa nikijiona bingwa wa kemia. Huko ng'ambo mwalimu aliandika ubaoni jina la jamii moja ya vimondo, kisha akanigeukia: "Wewe Mtanzania, Ivuna ni wapi?" Sikujua.

Vijana, sikieni leo msije mkaulizwa. Ivuna iko karibu na Ziwa Rukwa, siku hizi Mkoa wa Songwe. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo pale. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja. Si kama kile cha Mbozi, pande la chuma la tani nyingi. Hiki ni cheusi, chepesi kuvunjika, kina kaboni, na ndani yake zimeonekana asidi amino. Vimondo vyote vya namna hiyo duniani huitwa jamii ya Ivuna.

Lakini niliombwa niseme habari za nyota. Haya, tokeni nje mwezi wa Julai, saa nne usiku. Umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi. Mabaka meusi katika ule mkanda mweupe si matundu, ni vumbi. Mwanga wa kawaida haupenyi. Mionzi ya infraredi, ndugu wa joto mnalolisikia kando ya jiko la mkaa, hupenya, ila hupungukiwa kwenye wimbi la maikromita 3.4. Hapo ndipo kaboni iliyoshikana na hidrojeni huinyonya. Ni kama chapa ya ng'ombe: ukiiona, unamjua mwenyewe.

Chapa hiyo imeonekana pia katika mawe ya jamii ya Ivuna, na katika vumbi la asteroidi Ryugu lililoletwa na chombo cha Wajapani mwaka 2020. Hazilingani kabisa, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha kaboni hiyo kilikuwapo kabla ya Jua letu.

Jiwe letu liko London. Jumba la makumbusho lililinunua mwaka 2008. Silalamiki sana. Jiwe la aina hii likinyeshewa hugeuka tope, na lile lilianguka Desemba!

Kwa hiyo likianguka jingine, Kongwa au Manyoni, msilioshe. Msilishike kwa mikono mitupu. Lifungeni kwenye karatasi safi ya aluminiamu, andikeni mahali na saa, mkimbilieni mwalimu wa fizikia siku hiyo hiyo.