GIA NA VUMBI LA MAWE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Sisi tufanyao kazi kwenye mashine za kuvunja mawe twajua kuwa vumbi halilali. Sanduku la gia nalo hupumua: likipata moto hutoa hewa, likipoa huvuta hewa ndani pamoja na vumbi. Vumbi hilo likichanganyika na oili hula meno ya gia kama msasa.

Kwa hiyo, kwanza, tusafishe tundu la kupumulia kila wiki. Likiziba, oili husukumwa nje kupitia sili. Pili, tupanguse kizibo kabla ya kukifungua, na oili itiwe kwa chombo safi chenye kifuniko. Tatu, oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; ibadilishwe, na mahali yalipopitia pazibwe.

Lakini kazi hii yote ifanywe mashine ikiwa imesimama, swichi imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka gia ziwekewe kinga imara. Msimamizi akisema, "Paka grisi ikizunguka," tukatae sote pamoja. Gia hununuliwa, kidole hakinunuliwi.