Chupa Nyeusi Kando ya Karai

Msikilizaji, leo tuzungumze kuhusu chakula cha Kichina, na sisemi kile cha hoteli za Kilimani. Nasema kile cha Umoja, Donholm na Kayole hapa Nairobi: wali wa kukaanga, tambi zilizochanganywa na karoti na hoho, vipapatio vya kuku vilivyopakwa sosi nyeusi. Giza likiingia na magari yakijaa Jogoo Road, hicho ndicho chajio cha watu wengi waliotoka kazini wamechoka, nami sina ugomvi nacho. Ni kitamu, kinaiva haraka, na angalau kina mboga, tofauti na sahani ya chipsi na soseji.

Ila kuna hofu mitaani inayotupoteza njia. Mtu akila, kisha kichwa kikamgonga usiku, atasema ni ule unga mweupe wa Wachina, yaani MSG, kiungo ambacho Mjapani Kikunae Ikeda alikitoa kwenye mwani mwaka 1908. Hofu hiyo ilienea kuanzia 1968, pale daktari Robert Ho Man Kwok alipoliandikia jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, akieleza jinsi shingo ilivyomfa ganzi na moyo kumwenda mbio kila alipokula kwenye mikahawa ya Kichina. Daktari mwenyewe hakuwa na uhakika wa chanzo. Alishuku sosi ya soya, akashuku mvinyo wa kupikia, akashuku MSG, akashuku pia wingi wa chumvi. Dunia ikashika kimoja, ikasahau vingine. Tafiti zilizofuata zimeshindwa kuthibitisha kwamba MSG, kwa kiasi kinachotiwa chakulani, inawadhuru watu kwa jumla. Glutamati iliyomo ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye nyanya tunazonunua Marikiti. Aliyeponyoka bila kushtakiwa ni chumvi.

Simama siku moja kando ya karai utazame. Mafuta yanafuka moshi, kitunguu na tangawizi vinalia, wali unafuata. Kisha mpishi anachukua chupa ya plastiki ya sosi ya soya iliyotobolewa kifuniko, anaibana na kuizungusha juu ya wali hadi ubadilike rangi. Halafu chumvi, kwa vidole. Halafu kijiko cha mchuzi mix, ambao nao una chumvi tele. Ukifika mezani unakuta kikopo cha chumvi kinakungoja, na mkono unakwenda wenyewe kabla hujaonja.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya ya kawaida kina zaidi ya gramu 2. Vijiko viwili vikiingia kwenye sahani yako, umekaribia kumaliza chumvi ya siku, na bado hatujahesabu ile ya vidole wala chai ya asubuhi na mandazi. Chumvi nyingi hupandisha presha, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha, na wengi wetu hatujawahi kupimwa hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Majirani wanaanguka kwa kiharusi wakiwa na miaka arobaini na kitu, na sisi tunalaumu ule unga mweupe.

Dawa ya kwanza ni kusema mapema. "Bosi, sosi kidogo, chumvi wacha. Ongeza kabichi." Sema mafuta yakiwa bado yanapata moto, kwa sababu sosi ikishanywewa na wali hakuna wa kuitoa. Kama wali mweupe upo, chukua huo, mboga za kukaangwa ziwe juu yake. Na ukiona mafuta yamekuwa meusi na mazito, kuku wa kukaangwa mwache apite, hata kama ananukia.

Nyumbani kuna zile tambi za pakiti ambazo watoto huziita Indomie hata zikiwa za kampuni nyingine. Chumvi yake kubwa imo kwenye kile kipakiti kidogo cha viungo. Tia nusu, nyingine tupa, kisha katia sukuma, yai na nyanya. Na wewe unayekaanga wali wa jana, sikiliza vizuri: wali uliolala kwenye sufuria bila friji huota kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho sumu yake haifi hata ukiukaanga kwa moto mkali. Unatapika ndani ya saa chache. Wengi wetu hatuna friji, basi tupike wa kutosha siku hiyo.

Wachina wenyewe chumvi imewasumbua. Katika vijiji 600 vya mashambani huko China, takriban watu 21,000, wengi wao waliokuwa wamewahi kupata kiharusi, walifuatiliwa kwa karibu miaka 5. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo yakatangazwa 2021: kwenye vijiji hivyo viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Chumvi ya aina hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, kwa hiyo usiinunue kabla ya kuzungumza na daktari. Kupunguza ile ya kawaida hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Nina ombi kwa wenye vibanda wanaonisikia jioni hii wakichochea moto. Pikeni kwa sosi kidogo, chupa iwekeni mezani, kila mteja ajitilie anavyotaka. Sosi yenyewe ni pesa zenu, na mteja mwenye presha hatalazimika kupita kibanda chenu akatafute githeri kwingine.