Maneno ya Katibu Mkutanoni: Kutuliza Moyo

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita malipo ya pamba yalipochelewa, nilirudi nyumbani na hasira, nikasukuma sahani ya ugali. Watoto wakakimbilia nje. Fedha haikuja kwa hilo, na mama watoto hakusema nami siku 2. Alikuwa na haki.

Mwaka huu yamechelewa tena. Sasa hasira ikipanda nakaa chini ya mwembe, navuta pumzi polepole, naitoa polepole zaidi, mpaka moyo uache kwenda mbio. Halafu nafungua daftari langu la kisomo, naandika kilichopo: mahindi magunia 3, jembe zima, watoto wazima. Deni liko palepale, ila naweza kulizungumza bila kupiga kelele.

Jumatatu tunakwenda kuulizia malipo. Tafadhali mje mmekula.