Mafuta Yanayokula Mafuta: Vitwitwi na Hesabu ya Mizoga



Kuna hoja inayonikera kila mafuta yanapomwagika baharini: kwamba mizoga iliyookotwa ni michache, basi ndege wahamao hawakudhurika sana. Habari za mnandi na mwari sitazirudia, picha mmeziona. Mimi nina neno kuhusu vitwitwi, hawa wenye gramu 30 au pungufu, wanaotua topeni maji yakipwa, wakala, wakanenepa, wakaendelea na safari.

Mzoga wa kitwitwi haukai. Kaa anauburura shimoni, tope linaumeza, bamvua linabeba uliosalia. Anayepita na gunia siku ya tatu ataokota manyoya. Na huo ni mzoga wa aliyefia papo hapo. Aliyepakaa kidogo huruka, akaenda kufia ambako hakuna mwenye gunia.

Chukueni mfano: mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon uliripuka katika Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010, na kisima kikavuja siku 87. Kilipozibwa Julai, vitwitwi wa kwanza walikuwa wameshaanza kurudi kutoka kaskazini.

Kuhusu huyo aliyepakaa kidogo, mwaka 2017 Ivan Maggini na watafiti wenzake walichapisha utafiti ambao nawasomesha wanafunzi wangu kila mwaka, watake wasitake. Waliwarusha vitwitwi wa Amerika ndani ya chumba cha upepo huko Ontario, Kanada: upepo unavuma, ndege anapiga mbawa, haendi popote. Wakawapaka mafuta ghafi kwenye kingo za mbawa na mkiani tu. Gharama ya kuruka ikapanda kwa takriban asilimia 20. Walipopaka na mgongo na tumbo, ikafika asilimia 45. Ndege yule hakuwa mweusi tii kama wale wa magazetini. Kwa mbali ungemwona mzima.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Mafuta ya kisimani yanakula mafuta ya mwilini, na haya ya mwilini ndiyo nauli ya kitwitwi.

Hoja hiyo ya mizoga michache niliwahi kuiandika mwenyewe. Nikiwa kijana, dizeli ilivuja kwenye diko moja la wavuvi. Nikazunguka siku mbili, sikuona mzoga, nikaandika "hakuna athari". Wiki iliyofuata mvuvi mmoja akaniletea kitwitwi ndani ya kikapu: "Mwalimu, huyu mtu anamshika kwa mkono." Kidari chake kilikuwa kama ukingo wa kisu. Taarifa ilikuwa imeshapelekwa.

Wapo wanaosema ndege atahamia ufuo mwingine. Upi? Tope lenye chakula halipatikani kila mahali, na lililopo lina wenyewe.

Nakiri kwamba chumba cha upepo si bahari. Ndege wa porini hujisafisha kwa mdomo, ingawa kwa kufanya hivyo humeza sumu inayoharibu damu yake na kupoteza saa za kula kabla maji hayajajaa. Nakiri pia kwamba kutenganisha njaa ya mafuta na njaa ya mwaka mbaya ni kazi ngumu. Hata hivyo sibadiliki: usihesabu mizoga kabla hujapima walio hai.

Mizani yangu ya gramu na nyavu mbili ziko ofisini. Mafuta yakimwagika tena, mwanafunzi atakayewahi aje azichukue, asisubiri barua.