Chumvi ya Mama Mwenye Mimba



Rovu shingoni huonekana na watu wote; lakini hasara iliyo kubwa zaidi haionekani, maana humpata mtoto tumboni. Ubongo wake hauwezi kukua vema pasipo iodini, nayo huipata kwa mamaye: kwanza katika damu, kisha katika maziwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mama mjamzito au anyonyeshaye apate mikrogramu 250 kila siku. Watu wazima wengine 150 huwatosha.

Katika nchi za milima zilizo mbali na bahari, mvua huosha madini hayo udongoni. Ndiyo sababu sheria ya Kenya, tangu mwaka 1978, imeamuru chumvi ya kula itiwe iodini. Bali maji ya majivu tupikiayo mboga za kienyeji hayakutiwa. Yalainishe mboga, lakini yasishike mahali pa chumvi.

Iwekeni chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, mkaitie chakula kikaribiapo kuiva. Msizidishe kipimo: yatakiwa chumvi iliyo njema, si chumvi nyingi.

Nawe baba uendaye dukani, soma maandishi ya pakiti kabla hujalipa.