KUNUNUA PIKIPIKI ILIYOTUMIKA: TIA MKONO NDANI YA RUNDO

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mliokubali kukaa nasi juani hapa, leo sitazungumza juu ya hukumu za funga. Masheikh wetu wamezieleza vizuri tangu mwezi uandame. Mimi nitazungumza juu ya pikipiki. Naona wengine mmeanza kutabasamu! Lakini hebu niambieni, ni nani hapa asiyekuwa na ndugu, binamu au jirani anayekula kwa bodaboda? Tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipopunguzwa nchini mwaka 2008, zimejaa kuanzia Likoni na Kisauni mpaka Garissa na Mumias. Na wengi wetu uwezo wa kununua mpya dukani hatuna. Tunanunua iliyotumika, ile tunayoiita sekendi.

Sasa tujiulize, pesa ya hiyo sekendi hutoka wapi? Mara nyingi mama ameuza bangili zake, au ni zamu ya chama, au ni akiba ya miaka miwili ya kibarua. Yaani ni rasilimali ya nyumba nzima imefungwa kwenye leso moja. Ikinunuliwa pikipiki ya wizi, pesa imekwenda na kijana analala seli. Ikinunuliwa yenye breki mbovu, kijana na abiria wake hawafiki. Ndiyo maana nasema jambo hili si dogo.

Na msimu wenyewe ndio huu. Tukiingia kumi la mwisho, muuzaji ana haraka ya pesa ya Idd, na mnunuzi ana haraka ya kuanza kazi wakati abiria ni wengi. Haraka mbili zikikutana, hakuna anayeangalia kitu. Mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia.

KUKAGUA SI UTOVU WA ADABU

Vijana wengi wanaona haya kukagua. Muuzaji akisema, "Bro, sisi sote Waislamu, huniamini?" basi kijana ananyamaza na kutoa pesa. Hebu tukumbuke ile Hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kwamba ni mvua ndiyo iliyonyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione, na akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika wao.

Hadithi hii tunaisoma sana kwa upande wa muuzaji mdanganyifu. Lakini angalieni na upande mwingine: mkono ulitiwa ndani ya rundo! Hakutosheka kutazama juu. Basi na wewe usione haya. Mwenye mali safi hataudhika ukikagua, na anayeudhika amekupa jibu kabla hujauliza.

MKONO KWENYE CHUMA

Kwanza, nenda mchana. Usinunue pikipiki baada ya Tarawehe kwa mwanga wa tochi ya simu. Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji wala na dalali. Na mlipe jasho lake, maana hiyo pesa kidogo ndiyo inayolinda ile nyingi.

Pili, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa nje. Ukiikuta ya moto, jua imepashwa ili isikuonyeshe shida ya kuwaka ikiwa baridi. Subiri ipoe, kisha piga kiki mwenyewe. Ikiwaka, iache ingurume na uangalie ekzosi. Moshi wa samawati usiokwisha maana yake injini inaunguza oili, na hapo ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na pengine ni kabureta au kichujio cha hewa tu, jambo la kurekebishika. Sikiliza pia. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini ni kazi ya kufungua injini yote, na hiyo si gharama ya mchezo.

Tatu, angalia oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Huenda pikipiki ilizama kwenye mafuriko. Tena usidanganyike na oili mpya inayong'aa, huenda ile ya zamani imemwagwa asubuhi hiyo hiyo.

Nne, kagua fremu. Chuchumaa uangalie shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Alama za kuchomelewa au rangi mpya mahali pamoja tu ni dalili ya kwamba iligonga. Isimamishe kwa stendi kubwa, mwenzako aikandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha zungusha usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati, beringi za shingo zimekula. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia, likicheza kuna bushi au beringi iliyokwisha. Shokomzoba za mbele zikivuja oili, hesabu hiyo pia.

Tano, cheni. Ivute kwa vidole upande wa nyuma kabisa wa sproketi kubwa. Ikiachana na meno mpaka uone nusu ya jino, imekwisha. Na meno yakiwa yamepinda kama ndoana, cheni na sproketi zote mbili zitabadilishwa pamoja.

Sita, breki na tairi. Kwenye breki za dramu, tazama ile nati ya kukazia. Ikiwa imekazwa mpaka mwisho wa uzi, breki shuu hazina kitu. Hapa sitaki mzaha, ndugu zangu. Injini mbovu itakuacha njiani, breki mbovu itakupeleka makaburini.

Saba, iendeshe, na uvae helmeti. Katika gia ya tatu fungua mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele na pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza. Angalia kama gia inaruka, kama pikipiki inavuta upande mmoja, kama taa, indiketa na honi vinafanya kazi.

Na mita? Isikutie imani sana. Bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku hufika 30,000 kwa siku 300 tu. Ukiona mita inasema 12,000, na huku raba za kukanyagia zimelika na pedali ya breki imekuwa laini kama kijiko, amini raba, usiamini mita.

Baada ya hapo andika kila ulichokiona kwenye karatasi, pita duka la spea uulize bei, ndipo urudi kupatana. Ukijadiliana kwa hesabu hutagombana na mtu. Na ukiambiwa, "Fanya haraka, kuna mwingine anakuja na pesa mkononi," mwache aje. Mtume (s.a.w.) alikataza kuweka mnunuzi wa uongo ili kupandisha bei, na madalali wetu mchezo huo wanaujua sana.

MKONO KWENYE KARATASI

Ndugu zangu, hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoangamia. Fundi anaweza kukuambia injini ni nzuri, naam, na pikipiki yenyewe ikawa ya mtu mwingine. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Namba ya chesisi imepigwa kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini iko kwenye injini yenyewe. Futa vumbi, zisome herufi kwa herufi, kisha uzilinganishe na logibuku. Pale palipokwaruzwa au kusagwa, ondoka. Logibuku peke yake haitoshi, kwa sababu karatasi huweza kughushiwa. Fanya upekuzi wa rekodi kwa NTSA kupitia mtandao wa serikali. Kwa ada ndogo utajua jina la mwenyewe, na kama kuna kampuni ya mkopo au benki iliyoandikwa pamoja naye.

Hili la mkopo lisikilizeni vizuri. Siku hizi pikipiki nyingi huchukuliwa kwa mkopo na kulipwa kila siku au kila wiki. Kijana akishindwa kulipa, wengine hujaribu kuiuza kimya kimya. Wewe unanunua leo, kesho kutwa wenye deni wanaifuata mpaka stejini kwako. Deni likiwepo, lilipwe kwanza na barua ya kumaliza deni itolewe, ndipo mzungumze bei.

Hakikisha anayekuuzia ndiye mwenye jina kwenye rekodi. Linganisha kitambulisho chake na uso wake. "Ni ya shemeji yangu, yuko Saudia" haitoshi. Sheria ya nchi inasema anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa mpaka miaka 14. Hakimu akikuuliza kwa nini ulipewa kwa nusu ya bei, usiku, bila logibuku, utamjibu nini?

Kisha andikianeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kutufundisha kuandika madeni, na ndani yake tumeagizwa kuweka mashahidi tunapouziana. Andikeni majina, namba za vitambulisho, namba ya pikipiki, ya chesisi na ya injini, bei, tarehe na hata saa. Kwa nini saa? Kwa sababu kama pikipiki iligonga mtu asubuhi nawe umenunua Adhuhuri, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Mashahidi wawili watie sahihi. Lipa kwa M-Pesa au benki kwa jina lile lile la mwenyewe, ili pesa iache alama.

Na usikubali maneno ya "tutabadilisha jina baadaye." Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, na mnunuzi huukubali kwenye yake. Malizeni hilo mkiwa mmekaa pamoja. Sheria ya barabara inataka mwenye chombo mpya awe amesajiliwa ndani ya siku 14. Bima nayo usiiache hata siku moja.

NA WEWE UTAUZA KESHO

Namalizia na hili. Kila mnunuzi hapa ni muuzaji wa kesho. Iko siku utataka kubadilisha pikipiki yako, na atakuja kijana mdogo asiyejua kitu, ameshika pesa ya bangili za mama yake. Utamwambia kwamba klachi inateleza? Au utamwaga oili mpya na kupaka rangi pale ilipochomelewa?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha aibu ya bidhaa, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Ukitaja aibu, huenda utapunguza shilingi 5,000. Ukiificha, unazipata hizo 5,000 na unamweka mwenzako barabarani juu ya chombo ambacho wewe mwenyewe ulikuwa unakiogopa. Je, funga ya mtu kama huyo imemfunza nini?

Basi tukague bila haya tunaponunua, na tuseme kweli bila kulazimishwa tunapouza. Na nyinyi wazazi, kabla hamjatoa pesa, mwulizeni kijana maswali mawili tu: umekwenda na fundi gani, na jina kwenye rekodi ni la nani? Asipokuwa na majibu, bangili zirudi kabatini kwanza.

Allah azikubali funga zetu, awape vijana wetu riziki ya halali na awarudishe nyumbani salama kila jioni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.